Zimamoto Wamekuja Hawana Maji

Moto ukiwaka Unguja, uwe wa duka la Darajani, wa nyumba ya Ng'ambo au wa banda la makuti Nungwi, kuna maneno yasiyokosa kusikika kabla jivu halijapoa: zimamoto wamechelewa, na walipofika hawana maji. Husemwa barazani, husemwa ndani ya daladala, na siku hizi huzunguka kwenye simu pamoja na video ya kuyathibitisha. Wasemao si waongo. Wameliona gari jekundu likiingia kwa king'ora, wameona maji yakiruka kwa nguvu, kisha mpira ukalegea, gari likageuza na kuondoka huku paa linaendelea kuwaka.

Wasichokiona ni hesabu. Gari la kawaida la kuzimia moto hubeba lita elfu chache tu. Tuseme tangi lake ni la lita 4,000. Mpira mmoja ukifunguliwa barabara hutoa lita 400 hadi 500 kwa dakika. Ikifunguliwa mipira miwili, tangi limekauka ndani ya dakika tano. Gari halikuja tupu. Limekwisha maji likiwa kazini, na dereva anakwenda kutafuta mengine. Kwa mtu aliyeunguliwa na duka lake, tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwa mzimamoto ina maana kubwa, kwa sababu sasa atauliza jambo jingine kabisa: katika dakika ya kwanza, nani alitumwa kutafuta maji ya pili? Haidranti ya karibu iko wapi, na ina msukumo? Ufunguo wake umo garini au umebaki kituoni? Juu ya kifuniko chake kumeegeshwa nini? Mamlaka ya Maji, ZAWA, ilipigiwa simu saa ngapi, na shirika la umeme, ZECO, lilikata umeme wa mtaa ule saa ngapi?

Mhadhara huu, ulioandikwa kwa wasikilizaji wa Tunguu, unahusu maswali ya namna hiyo, yaani jinsi vikosi vya zimamoto vinavyokaa chini baada ya tukio au baada ya zoezi na kujihoji. Hoja yake ni moja. Visiwani na Bara, msiba mkubwa haukosi tume. Inayosikika kwa nadra ni tathmini ya moto mdogo, ule uliozimwa kwa nusu saa bila mtu kufa. Na huo ndio unaofundisha zaidi, kwa sababu waliokuwapo wote wako hai, kumbukumbu zao bado mbichi, na hakuna anayetafutwa wa kupelekwa mahakamani.

Zanzibar kazi hii iko mikononi mwa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, kimojawapo cha vikosi vya Idara Maalum za SMZ, pamoja na KMKM, JKU, KVZ na Mafunzo. Bara kuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, linaloongozwa na sheria ya mwaka 2007. Majina yote mawili yana neno la pili ambalo wananchi hulisahau. Uokozi siku hizi unakula sehemu kubwa ya kazi: mtu aliyetumbukia kisimani, dereva aliyebanwa ndani ya gari lililopondeka, jengo lililoporomoka. Wapo Waunguja wanaoijua Zimamoto ya mpira kuliko Zimamoto ya mipira, na si ajabu, maana timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Zanzibar mwaka 2016 na mwaka uliofuata ikaiwakilisha nchi katika Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Ferroviário ya Beira. Kocha wa timu hiyo asingemaliza mchezo bila kuwauliza mabeki bao la tatu lilipitia wapi. Moto nao unastahili kikao cha aina hiyo, na mchezaji wake hulipa kwa ngozi yake akikosea.

Utaratibu unaotumiwa leo na vikosi vingi duniani haukuanzia kwa wazimamoto. Ulitoka jeshini Marekani, ukakomaa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika kambi ya mazoezi ya Fort Irwin, jangwani California, ambako askari walipigana vita vya kuigiza kisha wakakaa na kuhojiana. Maswali yake mtoto wa skuli anaweza kuyashika: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini havikulingana, na mara nyingine tutafanya nini kwa namna nyingine. Ugumu hauko katika maswali. Uko katika kumpata mtu wa kuyajibu kwa ukweli mbele ya mkubwa wake.

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wa aina inayojulikana. Jiko la gesi limewaka katika nyumba ya ghorofa mbili Mkunazini. Gari haliingii kichochoroni. Limesimama barabarani, na mpira umekokotwa kwa miguu kupita kona tatu. Moto umezimwa. Hakuna aliyeumia, ila mama mmoja amevuta moshi na amekwenda hospitali ya Mnazi Mmoja kuangaliwa. Askari wamevua kofia, wameegemea gari, wanakunywa maji ya chupa. Kiongozi wa zamu anaanza na mdogo kuliko wote.

"Kijana, wewe ulikuwa mbele. Uliona nini?"

"Moshi mtupu, afande. Ngazi niliipapasa kwa mkono."

"Maji yalikufikia saa ngapi?"

"Yalichelewa, afande. Mpira ulinasa kwenye pembe ya baraza, ile kona ya pili. Ikabidi nirudi kuunasua."

Dereva anakohoa. "Mimi nilifungua maji mapema, afande. Nilisikia mtu anapiga kelele, nikadhani ni yeye anataka maji. Kumbe ni jirani."

Hapo ndipo penye darasa. Mpira mtupu hupinda, hukunjwa, hupita kwenye kona. Ukishajaa maji hukakamaa, na kwenye pembe ya jiwe hubanwa usitembee tena. Katika mtaa wenye barabara pana kosa hilo linagharimu sekunde chache. Katika Mji Mkongwe, wenye kona kila baada ya hatua ishirini, linaweza kumwacha kijana kwenye moshi na mpira mkavu. Dawa yake haihitaji fedha: dereva asifungue maji kwa sauti ya mtu, afungue kwa ishara iliyokubaliwa au kwa redio, na kila kona awekwe mtu wa kusukuma mpira. Wiki inayofuata zoezi la zamu ile lifanyike kwenye kichochoro cha kweli, si uwanjani.

Sasa tugeuze mpango wa kikao. Tuseme afande ndiye aliyeanza kusema: "Kazi nzuri, vijana. Mpira ulichelewa kidogo, lakini tumeuzima. Kuna mwenye la ziada?" Jibu linajulikana. "Hakuna, afande." Adabu ya kwetu haimruhusu mdogo kumkosoa mkubwa mbele za watu, na jeshini adabu hiyo huvaa magwanda. Ndiyo maana vikosi vilivyozoea kazi hii huanza na wa chini na kumaliza na mkuu, na mkuu mwenye busara hulitaja kosa lake mwenyewe mapema kuwafungulia wengine mlango. Kanuni hiyo ndogo ya zamu ya kusema ina faida kuliko fomu nyingi zilizochapwa.

Kikao cha kando ya gari hakitoshi kwa moto mkubwa. Baada ya siku chache huja kikao cha pili, kituoni, na hapo kazi ya kwanza ni kupanga saa. Moto ulionekana saa ngapi, simu ilipigwa saa ngapi, gari lilitoka lini, lilifika lini, tone la kwanza liliugusa moto lini. Kumbukumbu za watu hapa hazifai peke yake, kwa sababu dakika mbili za kungoja maji kwa aliyesimama nje huwa kumi, na kumi za aliye ndani huwa mbili. Kuna kitabu cha simu zilizoingia, kuna kumbukumbu za ZECO za kukata laini, kuna sheha aliyepiga simu. Na kuna zile video za mtaani ambazo askari wengi huzichukia. Zinauma kweli, hasa zikisindikizwa na matusi, lakini kwa mchunguzi ni mali. Kila moja ina saa yake, inaonyesha moshi ulikuwa na rangi gani kabla gari halijafika, ulitokea dirisha lipi, na upepo ulikuwa unauelekeza wapi.

Wachunguzi wazoefu huwahoji mashahidi mmoja mmoja kabla hawajakaa pamoja, kwa kuwa watu wakishahadithiana, baada ya saa moja hadithi zinakuwa moja, na ile ya mwenye sauti kubwa ndiyo inayobaki.

Tume za kitaifa tunazijua vizuri zaidi. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imejaza abiria kupita kiasi. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa, na wengi hawakuonekana tena. Rais Ali Mohamed Shein aliunda tume. Miezi kumi baadaye, Julai 18, 2012, katikati ya msimu wa kusi, MV Skagit ikitoka Dar es Salaam ilipinduka karibu na Chumbe. Meli hiyo iliundwa mwaka 1989 kwa ajili ya abiria wa Jimbo la Washington, Marekani, katika maji yaliyokingwa na visiwa. Safari hii Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Kujiuzulu kwa waziri ni jambo la heshima na si la kawaida katika siasa zetu. Lakini kujiuzulu hakumfundishi nahodha kusoma upepo wala mwokozi kuvuta mtu aliye majini gizani. Uwajibikaji na mafunzo ni safari mbili, na nchi inaweza kumaliza ya kwanza bila kuianza ya pili.

Wakubwa wa dunia nao hawajasalimika. Julai 3, 2009 moto uliwaka katika jengo la makazi la Lakanal House, kusini mwa London, ukaua watu sita. Waliopiga simu zimamoto waliambiwa wabaki ndani ya nyumba zao, kwa imani kwamba moto wa nyumba moja hauvuki kwenda nyingine. Ulivuka. Uchunguzi ulifanyika, mapendekezo yakatolewa, mafunzo ya wapokea simu yakatajwa kwa jina. Juni 14, 2017 ukaja wa Grenfell Tower, ghorofa 24, magharibi mwa jiji hilohilo. Simu ya kwanza iliingia kabla ya saa saba usiku. Wakaazi waliendelea kuambiwa wabaki ndani hadi saa nane na dakika 47, huku ukuta wa nje ukiwaka kutoka chini hadi juu. Walikufa watu 72, wakiwamo wenye asili ya Eritrea na Sudan. Ripoti ya kwanza ya Sir Martin Moore-Bick, aliyeongoza uchunguzi wa moto huo, iliyotoka Oktoba 2019, ilisema agizo la kutoka lilipaswa kutolewa karibu saa nzima kabla, na kwamba somo la Lakanal kuhusu wapokea simu halikuwa limeshikwa. London Fire Brigade ina fedha, ina wataalamu, na ripoti ya Lakanal walikuwa nayo wenyewe. Walichokosa ni zoezi la kuigeuza ripoti kuwa mazoea ya mpokea simu wa zamu ya usiku.

Kwetu Afrika Mashariki somo linalojirudia kwa uchungu zaidi ni la mabweni. Mwaka 1994 moto uliwaua wasichana wa sekondari ya Shauritanga, Rombo. Machi 1998 ukaja wa Bombolulu, karibu na Mazeras katika Pwani ya Kenya. Machi 2001 Kyanguli, Machakos, wavulana 67. Agosti 2009 Idodi, Iringa, wasichana 12. Septemba 2020 watoto 10 wa skuli ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, Kyerwa. Septemba 2024 wavulana 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri. Visababishi ni tofauti: mshumaa, hujuma, umeme. Lakini katika nyingi ya habari hizo ukisoma utakuta maneno yaleyale: nondo madirishani, mlango uliofungwa, vitanda vilivyosongamana. Mwongozo wa usalama wa skuli uliotolewa na serikali ya Kenya mwaka 2008 ulikataza nondo kwenye madirisha ya mabweni na kutaka milango ifunguke kwa nje. Umri wa mwongozo huo ulikuwa miaka 16 siku Endarasha ilipowaka.

Hapa mtu wa Zanzibar asijidanganye kwamba hayo ni ya wenzetu. Dakhalia zipo, madrasa za bweni zipo, na nondo za madirishani ni fasheni ya nyumba zetu zote kwa kuhofia wezi. Afisa wa zimamoto anapokwenda kukagua, mlinzi wa mali na mlinzi wa maisha hubishana mlangoni, na mara nyingi wa mali ndiye mwenye funguo.

Kuna aina ya tukio ambalo halina tume wala kikao, nalo ni lile lililokaribia kutokea. Askari ametoka ndani na mtungi wake wa hewa ukipiga filimbi ya kuishiwa, dakika moja baadaye angeanguka. Kipande cha dari kimeshuka pale alipokuwa amesimama sekunde kumi kabla. Akirudi kituoni ni kichekesho cha chai: "Leo ilikuwa niwaache!" Wote wanacheka, na habari inakwisha pale. Marekani walianzisha mwaka 2005 mfumo wa kuandikisha matukio ya namna hiyo bila kutaja jina la askari wala kituo. Mapema zaidi, tangu 1998, taasisi ya afya kazini ya serikali ya nchi hiyo, NIOSH, imekuwa ikichunguza vifo vya wazimamoto na kuchapisha ripoti zisizotaja mtu na zisizomhukumu yeyote. Mtu aliye Unguja anaweza kuzisoma bila malipo, na anapaswa, kwa sababu paa linaloanguka Ohio huanguka kwa kanuni zilezile za paa la Kiponda.

Majengo nayo hutoa onyo. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliangusha sehemu ya roshani zake mwaka 2012. Ikafungwa, ikazungumzwa, ikasubiri. Desemba 25, 2020, matengenezo yakiendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na mafundi wawili wakafa. Ile ya 2012 ndiyo iliyokuwa onyo, na ilikuwa imetolewa mchana kweupe mbele ya Forodhani.

Kwa mzimamoto, nyumba ya Mji Mkongwe ina hatari yake ambayo kitabu cha ugenini hakiitaji. Sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko zilizopangwa kwa karibu, juu yake mawe na chokaa, uzito wa kutisha. Moto wa chumba cha chini huzila boriti kutokea chini huku sakafu ya juu ikionekana nzima na hata baridi ukiikanyaga. Maji ya mipira yakimwagika juu yake, chokaa hunywa na kuongeza uzito. Askari wa miaka ishirini kazini analijua hilo kwa mwili wake. Swali ni kama kijana aliyeajiriwa mwaka huu atalisoma mahali au atalijua siku sakafu itakaposhuka.

Mafunzo ndipo tathmini inapotakiwa kuishia, na mafunzo yenyewe yanaua. Januari 1982 huko Boulder, Colorado, wazimamoto wawili walikufa ndani ya jengo kuukuu lililowashwa moto kwa makusudi ya zoezi. Kutokana na vifo hivyo ilizaliwa kanuni ya 1986 inayoeleza masharti ya kuwasha moto wa mafunzo: jengo likaguliwe kwanza, kuwepo msimamizi wa usalama ambaye kazi yake ni hiyo tu, pawe na mpira wa akiba wenye maji, na mtu wa kweli asitumiwe kamwe kama majeruhi ndani ya moto. Kwa hiyo zoezi nalo lina kikao chake baada ya kumalizika, na maswali yake ni yaleyale.

Zoezi la kisiwani lazima lihesabu joto. Koti, suruali, buti na mtungi wa hewa mgongoni ni uzito wa kilo ishirini na zaidi, na Februari ya Unguja mwili unatoka jasho hata kwa kukaa. Mtungi ulioandikwa dakika 30 hauishi dakika 30 kwa mtu anayepanda ngazi na mpira. Nchini Marekani karibu nusu ya vifo vya wazimamoto kazini husababishwa na moyo, si miali. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya kuzima moto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Masizi yanayobaki kwenye koti huendelea kuingia mwilini askari akiwa amelala kituoni. Zamani koti jeusi lilikuwa ndiyo sifa ya mwanamume wa kazi. Sasa linatakiwa lifuliwe baada ya kila moto, na kama kikosi hakina makoti ya kubadilisha, hilo nalo ni la kuandikwa kwenye tathmini, kwa sababu bajeti hupatikana kwa maandishi.

Mahali pamoja Zanzibar ambapo kujihoji si hiari ni uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, kama ulivyo uwanja wowote wa kimataifa. Kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, zinataka gari la zimamoto lifike mwisho wa njia ya kurukia kwa muda usiozidi dakika tatu, na zoezi kubwa la dharura lifanyike angalau kila baada ya miaka miwili, kisha likaguliwe kasoro zake. Sharti hilo lingewafaa hata wasiorusha ndege. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Kati ya watu 43 walikufa 19. Waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilieleza kwamba boti ya uokoaji ya polisi ilifika baada ya saa kadhaa, ikiwa na upungufu wa hewa ya wapiga mbizi na wa mafuta. Kijana mvuvi Majaliwa Jackson alizawadiwa na kuajiriwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, akapelekwa chuo cha Chogo, Handeni. Taifa lilifurahi, na alistahili. Lakini aliyeokoa watu kwa kasia ni jibu la swali moja tu. Mafuta ya boti ni jibu la jingine, na hilo halina picha nzuri ya gazetini.

Anga ina jambo jingine la kuazima. Kanuni za kimataifa zinazosimamia uchunguzi wa ajali za ndege zinasema wazi kuwa lengo pekee ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Wazimamoto wetu wanahitaji ukuta kama huo, maana hofu yao ina msingi. Mwenye duka anaweza kushitaki, kampuni ya bima inaweza kutafuta sababu ya kutolipa, na maneno ya kijana wa mpira aliyosema kwa uaminifu yanaweza kusomwa mahakamani. Njia iliyo wazi ni mafaili mawili. Moja la uchunguzi wa chanzo cha moto, likiwa na majina, la polisi na mahakama. La pili la mafunzo, lisilo na jina la mtu wala namba ya nyumba, linalotembea kutoka kituo hadi kituo. Yakichanganywa, la pili litakufa kwa ukimya.

Hapo ndipo Tunguu inapoingia. Eneo hili lina Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, lina Zanzibar University iliyoanza 1998, na lina Chuo cha Utawala wa Umma. Kuna wanafunzi wa takwimu, wa sheria, wa ramani na wa kompyuta, na kuna nyumba za kupanga zilizowazunguka, ambazo ndani yake jiko la gesi, pasi na waya wa kurefusha umeme vinakaa chumba kimoja na godoro. Kikosi hakihitaji kujengewa chuo kingine ili kipate daftari la mafunzo. Kinahitaji watu wa kuyaandika yale yanayosemwa kando ya gari na kuyaweka mahali yanapotafutika: mtaa wa namna gani, saa ngapi, maji yalitoka wapi, kipi kilinasa, kipi kilifaa. Wanafunzi wa ramani wangeweza kuanza na haidranti za Mji Mkongwe: ipi inatoa maji, ipi imezikwa chini ya lami, ipi imefunikwa na meza ya muuza urojo. Kazi ya muhula mmoja.

Katika daftari hilo ziwepo safu mbili ambazo fomu nyingi hazina. Ya kwanza iandikwe zoezi lililofanywa kutokana na tukio, tarehe yake, na zamu zilizoshiriki, pamoja na ile ya usiku. Ya pili iandikwe tarehe ambayo kasoro ileile ilitokea tena, kama ilitokea. Kamishna akilifungua asubuhi, aanze kusoma na hiyo ya pili.